Maswali ya Wasomaji: Nitajuaje Kama Kliniki Yetu Inatibu Vizuri?

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu jambo moja. Msomaji ana kliniki anayoitumia yeye na familia yake, ana sifa au manung'uniko juu yake, na hajui ategemee nini katika kuamua kama abaki au ahame. Tumechagua maswali sita. Baadhi tumeyafupisha, na majina ya kliniki na ya madaktari tumeyaondoa yote, kwa kuwa si haki kumsema mtu mahali ambapo hawezi kujibu.

SWALI: Familia yetu hutibiwa katika kliniki yenye madaktari watatu. Jengo ni safi, wahudumu wa mapokezi wana lugha nzuri, na daktari anayetuona ni mcheshi. Hata hivyo jamaa yangu mmoja ambaye ni muuguzi ameniambia kwamba hayo yote si kitu, na kwamba sijui lolote kuhusu ubora wa matibabu ninayopata. Maneno yake yaliniudhi, lakini yameniachia swali. Mtu ambaye hakusomea udaktari anawezaje kupima kama anatibiwa ipasavyo?

JIBU: Jamaa yako ana hoja, ingawa ameitoa kwa ukali usio na sababu. Usafi na lugha nzuri si vitu vya kudharauliwa, kwani mgonjwa aliyekaripiwa mapokezi huingia kwa daktari akiwa amekwisha kuficha nusu ya yale aliyokuja kuyasema. Lakini ni kweli kwamba vitu hivyo havikuambii kama dawa uliyoandikiwa ndiyo uliyostahili kuandikiwa.

Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut aliyefanya kazi zake Marekani, alichapisha mwaka 1966 makala ambayo hadi leo ni msingi wa fani ya kupima ubora wa huduma za afya. Aliligawa jambo hilo katika sehemu tatu: kilichopo, yaani majengo, vifaa na watumishi wenye sifa, kinachofanyika, yaani jinsi mgonjwa anavyosikilizwa, anavyopimwa na anavyotibiwa, na kinachopatikana mwishoni, yaani hali ya afya yake baada ya hayo yote. Sehemu ya kwanza huonekana na kila mtu, ndiyo maana wengi huishia kuisifu hiyo. Sehemu ya tatu huwapotosha wengi, kwa sababu maradhi mengi hupona yenyewe hata yakitibiwa ovyo, na mengine humshinda hata daktari hodari. Kwa mtu kama wewe, yenye faida ni ile ya pili, nayo kwa sehemu kubwa hutendeka mbele ya macho yako.

Angalia kwanza namna unavyosikilizwa. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani walirekodi mazungumzo ya madaktari na wagonjwa, wakakuta kwamba mgonjwa hukatizwa kwa wastani baada ya sekunde 18 tu tangu aanze kueleza shida yake. Watafiti wengine katika hospitali moja ya Uswisi waliwaomba madaktari wasimkatize mgonjwa mpaka amalize mwenyewe, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2002, wastani wa muda ambao wagonjwa walihitaji ulikuwa sekunde 92. Dakika moja na nusu si muda wa kumchelewesha daktari yeyote. Basi ukiona kila unapofungua mdomo kalamu inaanza kuandika dawa kabla hujafika kwenye lile lililokuleta, jambo hilo lina uzito kuliko marumaru za sakafuni.

Kisha angalia namna unavyopimwa, na hapa nakushauri uchague kipimo kimoja unachokifahamu na ukitazame kwa makini. Kipimo cha presha kinafaa sana. Ukipimwa sawasawa, utakuwa umeketi kimya kwa takriban dakika 5, mgongo umeegemea kiti, nyayo zote mbili zimekanyaga sakafu bila kukunja miguu, na mkono umewekwa juu ya meza, usawa wa moyo. Mkanda utafungwa juu ya ngozi, si juu ya shati, nao utakuwa wa saizi ya mkono wako, kwa kuwa mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba. Hakuna atakayekuongelesha wakati mashine inapima. Namba ikiwa juu, kipimo kitarudiwa baada ya dakika moja au mbili, na mtu hataanzishiwa dawa za kutumia maisha yake yote kwa sababu ya namba moja iliyochukuliwa mara tu baada ya kupanda ngazi, isipokuwa kama iko juu mno kiasi cha kuhatarisha maisha. Utaratibu huu haugharimu chochote zaidi ya subira. Kliniki inayouheshimu, kwa kawaida, huheshimu na mambo mengine usiyoyaona. Na kliniki ambayo muuguzi wake anafunga mkanda juu ya sweta huku akizungumza na mwenzake, mimi ningekuwa na wasiwasi hata na namna inavyohifadhi chanjo zake, ambazo nyingi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8 mchana na usiku.

Jambo la tatu ni maelezo. Unapotoka chumbani kwa daktari unapaswa kuweza kumwambia mtu wa nyumbani mambo manne: daktari anadhani una nini, kwa nini anadhani hivyo, dawa uliyopewa ni ya kazi gani, na dalili zipi zikitokea urudi mara moja bila kungoja siku uliyopangiwa. Hilo la nne ndilo linalosahaulika zaidi, na kwangu mimi ndilo linalomtambulisha daktari makini. Ugonjwa unapoanza mara nyingi hauna sura kamili. Homa ya kawaida na homa ya hatari zinaweza kufanana kabisa siku ya kwanza. Daktari anayejua hivyo hakuhakikishii kwamba si kitu. Hukwambia anavyodhani, kisha akakuachia mlango wa kurudi endapo mambo yatakwenda kinyume.

Nimeacha kwa makusudi lile ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote, yaani kinachoendelea baada ya wewe kuondoka. Damu yako imechukuliwa na kupelekwa maabara. Nani anayapokea majibu? Nani anayasoma, siku gani, na nani anakupigia simu yakiwa mabaya? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 ulipitia majalada ya wagonjwa wa kliniki za kawaida, ukakuta kwamba takriban mara 1 kati ya 14, majibu ya vipimo yasiyo ya kawaida hayakufikishwa kwa mgonjwa, au hakuna popote palipoandikwa kwamba aliarifiwa. Hawa hawakuwa madaktari wajinga. Kilichokosekana ni utaratibu, na kliniki nyingi zilikuwa zikiwaambia wagonjwa kwamba wasipopigiwa simu basi kila kitu ni salama. Usikubali maneno hayo. Uliza mapokezi, kwa upole, majibu yako yatafika lini na nani atakuarifu. Ukipewa siku na jina au cheo cha mhusika, uko mahali ambapo watu wamefikiria. Ukijibiwa kwamba utaona tu, andika tarehe mwenyewe na uwafuate.

Kuhusu ucheshi wa daktari wako, ufurahie, lakini usiuhesabu kama ushahidi. Harold Shipman, daktari wa familia katika mji wa Hyde nchini Uingereza, alikuwa akipendwa na kusifiwa na wagonjwa wake wengi. Mwaka 2000 alitiwa hatiani kwa kuwaua 15 kati yao, na uchunguzi rasmi uliofuata ulihesabu waliouawa kuwa 215. Sikutaji mfano huu ili umwogope daktari wako. Watu wa aina ile ni wachache mno. Nautaja kwa sababu unaonyesha kwamba mapenzi ya wagonjwa na ubora wa matibabu ni vitu viwili vinavyopimwa kwa vipimo tofauti.

SWALI: Shikamoo. Mimi na kaka yangu tunatibiwa katika kliniki mbili tofauti. Kaka akienda na mafua hurudi na antibayotiki, sindano na dawa ya kikohozi. Mimi daktari wangu hunipima, kisha huniambia nipumzike, ninywe maji ya kutosha na nirudi nikizidiwa. Sote wawili hupona, lakini kaka anasema daktari wangu hajui kazi. Je, nihame?

JIBU: Marahaba. Usihame kwa sababu hiyo. Kama kuna mtu wa kufikiria kuhama, ni kaka yako.

Mafua husababishwa na virusi, na antibayotiki haziui virusi. Kikohozi kinachofuatana na mafua kinaweza kudumu hata wiki tatu bila kuwa dalili ya jambo baya, hivyo mtu aliyeanza dawa siku ya kumi ataona nafuu siku ya kumi na tano na kuisifu dawa kwa kazi ambayo mwili wake umeifanya wenyewe. Wakati huohuo dawa ileile inaweza kumletea kuhara au vipele, na kila inapotumika pasipo haja inawapa bakteria nafasi ya kujenga usugu. Shirika la Afya Duniani limezipanga antibayotiki katika makundi matatu: zile za kutumika kwanza, kama amoksilini, zile za kutumika kwa uangalifu kwa sababu usugu dhidi yake huongezeka haraka, kama azithromaisini na seftriaksoni, na zile za akiba, zinazohifadhiwa kwa wagonjwa ambao dawa nyingine zimewashinda. Mwaka 2024 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana kwamba ifikapo mwaka 2030 angalau asilimia 70 ya antibayotiki zinazotumiwa na binadamu ziwe za kundi la kwanza. Mwambie kaka yako aulize jina la ile sindano. Ikiwa ni seftriaksoni, na ugonjwa ulikuwa mafua tu, basi amekuwa akidungwa dawa ya kundi la pili kwa maradhi yasiyohitaji hata ya kundi la kwanza.

Hata hivyo nisimpe daktari wako sifa kabla ya wakati. Kutoandika dawa peke yake si umahiri. Asiyepima na asiyeandika dawa ni mvivu tu. Umesema anakupima. Angalia basi kama anasikiliza kifua, anapima joto, anakuangalia koo na masikio, na anakuuliza kuhusu pumzi. Umesema pia kwamba hukwambia urudi ukizidiwa. Siku nyingine mwulize kuzidiwa ni nini hasa. Kushindwa kupumua vizuri, kukohoa damu, homa inayorudi baada ya kukuachia siku kadhaa, na kuchanganyikiwa ni miongoni mwa mambo anayopaswa kukutajia.

Kuna utafiti mmoja ambao wanaopenda kutoka kliniki na mfuko wa dawa wangefaa kuufahamu. Ulichapishwa Marekani mwaka 2012 baada ya kufuatilia zaidi ya watu wazima 50,000, na ulionyesha kwamba wale walioridhika zaidi na madaktari wao walitumia fedha nyingi zaidi kwa dawa, walilazwa hospitalini mara nyingi zaidi, na walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufariki katika miaka iliyofuata kuliko wale walioridhika kidogo kabisa. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba kuridhika ndiko kunakoua. Unatosha, hata hivyo, kutuzuia kudhani kwamba mgonjwa anayetoka akitabasamu ametibiwa vizuri.

SWALI: Kumwona daktari wetu kunanichukua siku kadhaa za kungoja nafasi, na nikifika nakaa kwenye foleni kwa saa nzima. Hiyo si dalili tosha ya kliniki mbovu?

JIBU: Si dalili tosha. Kuchelewa kunachosha na kunaweza kudhuru, lakini swali la kuuliza ni nani anayechelewa. Kama mzee mwenye maumivu ya kifua, mtoto anayevuta pumzi kwa shida, au mtu aliyepooza ghafla upande mmoja anaambiwa achukue namba na kuketi, kliniki hiyo ina tatizo kubwa, hata kama foleni yake ni ya dakika kumi. Kama mhudumu wa mapokezi amefundishwa kuuliza maswali mawili matatu na kuwapitisha mbele wasioweza kungoja, foleni yako ya saa nzima ni bei ya haki hiyo.

Fikiria pia muda utakaoupata ukishaingia. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya taarifa za nchi 67, ulikuta kwamba katika nchi zenye takriban nusu ya watu wote duniani, daktari wa huduma za msingi humwona mgonjwa kwa wastani wa dakika 5 au pungufu. Mara nyingi daktari anayechelewa ni yule aliyekataa kumtoa mgonjwa aliyekutangulia katikati ya maelezo yake.

SWALI: Mama yangu ana umri wa miaka 71, ana kisukari na presha. Kliniki anayokwenda ina madaktari wengi, na kila mara huonana na mwingine. Mmoja alimpunguzia dozi, aliyefuata akaipandisha, wa tatu akamwongezea dawa ambayo tayari alikuwa akiitumia kwa jina lingine. Tuliligundua hilo nyumbani kwa kulinganisha maboksi. Nifanye nini?

JIBU: Mlifanya vizuri kulinganisha maboksi, na ninasikitika kwamba kazi hiyo iliwaangukia ninyi. Jambo la haraka ni kuhakikisha kwamba mfamasia au daktari ameiona orodha nzima ya dawa za mama na kuondoa ile iliyorudiwa, kwa sababu dozi maradufu ya dawa ya sukari au ya presha inaweza kumwangusha mtu wa umri wake.

Mwendelezo wa huduma, yaani kuonana na daktari yuleyule mwaka baada ya mwaka, si anasa ya wazee wanaopenda mazungumzo. Mwaka 2018 jarida la BMJ Open lilichapisha mapitio ya tafiti 22 kutoka nchi 9 zenye mifumo tofauti kabisa ya afya, na 18 kati ya hizo zilionyesha kwamba wagonjwa waliokuwa na mwendelezo mkubwa zaidi walikuwa na vifo vichache zaidi. Sababu zake si ngumu kuzikisia. Daktari anayemfahamu mgonjwa hugundua kwamba leo anatembea polepole kuliko zamani; anakumbuka kwa nini dozi ilipunguzwa mwezi uliopita; naye mgonjwa humwambia kwamba vidonge vya asubuhi amekuwa akiviruka, jambo ambalo hangemwambia mgeni.

Nendeni mapokezi mwombe mama aandikiwe daktari mmoja awe wake, na siku asipokuwepo, aonwe na mwingine mmoja anayejulikana. Kliniki nyingi hukubali zikiombwa waziwazi, ila hazijitolei zenyewe kwa kuwa kumpeleka mgonjwa kwa daktari yeyote aliye huru ni rahisi zaidi kwao. Wakikataa, basi jalada ndilo litakalobeba kazi ya kumbukumbu, na hapo lazima mlichunguze. Mkiwa ndani, mwombeni daktari awasomee dawa zilizoandikwa humo, moja baada ya nyingine, huku ninyi mkiwa mmeshika maboksi. Kama orodha yake na maboksi yenu havilingani, mmepata jibu la swali lenu kuhusu ubora wa kliniki hiyo, na pia mmepata nafasi ya kusahihisha papo hapo.

Kwa kisukari kuna mambo ambayo hata mtoto wa mgonjwa anaweza kuyafuatilia kwa kalenda. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi miwili hadi mitatu iliyopita, hufanywa angalau mara mbili kwa mwaka kwa mgonjwa aliyetulia, na kila baada ya miezi mitatu kwa yule ambaye dawa zake zimebadilishwa au sukari yake haijakaa sawa. Mara moja kwa mwaka figo huangaliwa kwa damu na mkojo, na sehemu ya nyuma ya jicho huchunguzwa pia, ingawa uchunguzi wa macho unaweza kuachwa kwa muda mrefu zaidi ikiwa yamekutwa hayana dosari. Miguu nayo. Hapa ninakuomba uwe mkali. Kuchunguza miguu maana yake ni mama kuvua viatu na soksi, daktari au muuguzi kutazama nyayo na katikati ya vidole, kugusa mapigo ya damu, na kuugusa unyayo kwa uzi mwembamba wa plastiki huku mama akiwa amefumba macho na kusema anapohisi. Kama mama ametibiwa kisukari kwa miaka na hajawahi kuambiwa avue soksi, kliniki hiyo haimtibu kisukari, inamgawia vidonge.

SWALI: Kliniki yetu imebandika ukutani cheti cha ukaguzi chenye alama za juu sana. Je, alama kama hizo zinaaminika?

JIBU: Zinaaminika kwa yale zilizoyapima. Uingereza, kwa mfano, ina chombo kinachokagua kliniki za madaktari kwa kuuliza kama ni salama, kama matibabu yake yana manufaa, kama watumishi wanajali, kama huduma inaitikia mahitaji ya watu, na kama uongozi ni mzuri. Hayo ni maswali ya maana, na kliniki iliyoanguka katika swali la usalama ningeikimbia bila kuuliza zaidi. Lakini mkaguzi huja kwa siku chache, na siku hizo kila kitu hupangwa vizuri.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba kinachohesabika hufunika kisichohesabika. Uingereza ilianza mwaka 2004 kuwalipa madaktari wa familia nyongeza kulingana na alama walizopata katika orodha ndefu ya vipimo, kama vile idadi ya wagonjwa wa presha waliofikishwa kwenye kiwango kinachotakiwa. Watafiti waliofuatilia mpango huo walichapisha matokeo yao mwaka 2009. Ubora wa baadhi ya huduma zilizolipiwa ulipanda kwa muda kisha ukasimama. Kwa wagonjwa wa pumu na wa moyo, yale yasiyolipiwa yalishuka. Na mwendelezo, yaani mgonjwa kumwona daktari wake yuleyule, ulipungua mara tu mpango ulipoanza. Hakuna aliyekusudia hivyo. Madaktari walifanya kile walichoambiwa kuwa ndicho kazi.

Kwa hiyo soma cheti cha ukutani kwa kuuliza kilitolewa lini, na nani, na kilipima nini. Cheti cha miaka sita iliyopita kinazungumza juu ya watumishi ambao huenda wengi wao walikwisha kuondoka. Na kama ripoti kamili ya ukaguzi inapatikana, ruka alama uende kwenye kurasa zinazoeleza kasoro zilizokutwa. Kliniki inayoweza kukuonyesha kasoro yake ya ukaguzi uliopita pamoja na hatua iliyochukua kuirekebisha, mimi huiamini kuliko ile isiyokuwa na kasoro hata moja.

SWALI: Nina malalamiko ya kweli. Rufaa yangu ya kwenda kwa daktari bingwa ilisahauliwa kwa miezi miwili, hadi nilipoifuata mwenyewe. Naogopa nikilalamika nitaonekana adui na nitatibiwa vibaya. Nilalamike vipi?

JIBU: Hofu yako ina msingi, na wengi huinyamazia kwa sababu hiyohiyo. Lakini rufaa iliyosahauliwa ni aina ileile ya kosa tuliyoizungumzia katika swali la kwanza: kitu kilitoka mkononi mwa daktari na hakuna aliyekuwa na kazi ya kuhakikisha kwamba kimefika. Kama imetokea kwako, haiwezekani iwe imetokea kwako peke yako, na aliyefuata anaweza kuwa mtu ambaye kwake miezi miwili ni tofauti kati ya uvimbe unaotolewa na uvimbe uliokwisha kusambaa.

Lalamika kwa maandishi, kwa msimamizi wa kliniki, si kwa mhudumu wa mapokezi ambaye hana mamlaka ya kubadilisha chochote. Barua iwe fupi. Taja tarehe uliyomwona daktari, alichokuambia kuhusu rufaa, tarehe uliyoifuatilia, na ulichoambiwa siku hiyo. Usimwite mtu mzembe. Weka tarehe zikae zenyewe kwenye karatasi, kwani hazibishiwi. Kisha uliza swali moja: ni utaratibu gani uliopo wa kuhakikisha kwamba rufaa iliyoandikwa imetumwa na imepokelewa? Swali hilo linampa msimamizi nafasi ya kushughulikia mpangilio wa kazi bila kumtetea mtu fulani, na hapo hofu yako ya kuonekana adui hupungua sana. Baki na nakala. Pale ulipo kuna uwezekano mkubwa wa kuwapo baraza la madaktari au mamlaka ya afya inayopokea malalamiko yaliyoshindikana kliniki, lakini watakuuliza kwanza kama ulianzia kliniki, na nakala hiyo ndiyo jibu lako.

Wakikujibu kwa kueleza kilichotokea, kilichobadilishwa na nani atakayefuatilia rufaa zijazo, baki nao, kwa kuwa sasa unajua juu yao jambo ambalo wagonjwa wao wengine hawalijui. Wakikunyamazia, au wakikuuliza ni nani aliyekutuma, omba nakala ya jalada lako lote, pamoja na majibu ya vipimo na orodha ya dawa, na uipate mkononi kabla hujawaambia kwamba unahama.